Otilia wa Ukutani

Umewahi kusikia sauti ya mtoto wako ikikusimulia siku yake, na mtoto mwenyewe amekaa mbele yako mdomo umejaa kiazi?

Mimi nimesikia. Nilikuwa nimechemsha viazi vitamu, vile vyekundu vyenye unga, nikavimwaga kwenye ungo vipoe. Mjukuu wangu Otilia alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, bado amevaa sweta la shule, maana huku kwetu milimani Mbinga baridi ya jioni haina masihara. Ukutani, juu ya kabati la vyombo, fundi alikuwa amebandika asubuhi ile kitu cha duara, mfano wa kisahani cha kikombe. Kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Kisha Otilia akaanza kusema kutoka ukutani.

"Shikamoo Bibi. Leo tumejifunza sehemu. Mwalimu alikata chungwa, akapata nusu, kisha robo. Nilijibu swali nikapigiwa makofi. Mapumziko nilicheza rede na Skola. Uji niliumaliza."

Nilimtazama Otilia wa kwenye kigoda. Alikuwa ameacha kutafuna. Kiazi kilikuwa kimevimbisha shavu lake la kushoto, na macho yake yalikuwa kule juu kwenye kabati.

"Ni wewe huyo?" nikamuuliza.

Akameza. "Ni mimi, Bibi. Ila mimi sijasema."

Hivyo ndivyo Mjumbe alivyoingia nyumbani kwetu. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu mjumbe wa mtaa tunamjua, anapita nyumba hadi nyumba na habari. Huyu wa shule alikuwa kifungo cheusi kilichoshonwa kwenye ukosi wa sweta, kidogo kuliko punje ya hindi. Kilisikia, kilitazama, na jioni kile kisahani cha ukutani kilitoa hesabu ya siku nzima. Mwalimu Hyera, mwalimu wa darasa la tatu, alitueleza kwenye kikao cha wazazi. Ni binti mrefu, mpole, mwenye tabia ya kushika chaki hata asipoandika.

"Zamani tulikuwa tunawaandikia," alisema. "Karatasi zinarudi hazijasomwa, au mtoto anafungia maandazi. Tukajaribu kutuma sauti zetu walimu kwenye simu, mkawa mnatuzima katikati. Sauti ya mtoto wenu hamtaizima."

Tulicheka, maana alikuwa amesema kweli.

Mama mmoja akauliza kama Mjumbe anarudia kila neno. Mwalimu akasema hapana, hakariri. Anakusanya siku nzima, anachuja, anatoa kiini, kisha kiini hicho anakivisha sauti ya mtoto. Na sweta livaliwe nyumbani pia, ili shule ijue kama kazi za nyumbani zinafanyika. Habari ziende na kurudi. Baba mmoja nyuma akasema, "Kumbe anatupeleleza na sisi," watu wakacheka tena, kikao kikafungwa kwa sala.

Sitaki uone kwamba nilikichukia kile kifungo tangu mwanzo. Huyo Skola niliyemtaja, rafiki wa Otilia, alikuwa anaishi kwa baba yake mdogo, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni Mjumbe aliyesema kwamba mtoto analazwa stoo, juu ya magunia ya kahawa, na mlango unafungwa kwa nje. Sisi majirani tulikuwa tunapita pale kila siku. Tunasalimiana na yule bwana, tunamuuliza habari za mashamba, anatujibu vizuri. Watu wa wilaya walipokuja kumchukua Skola ndipo tukaona mikono yake ilivyopauka kwa baridi. Siku hiyo nilimwambia Otilia asikivue kile kifungo hata akienda chooni.

*

Mama yake Otilia ni binti yangu Winfrida. Anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi kule Lindi, na likizo zao ni za kubahatisha. Kabla ya Mjumbe alikuwa anapiga simu kila jioni. Mtoto anazunguka chumba kizima na simu sikioni, anamweleza mama yake nani kapigana na nani, chaki imeliwa na nani, mpaka chaji inakwisha. Winfrida kazi yake ilikuwa kuuliza tu, "Ehe? Halafu?"

Mjumbe alipokuja, kule Lindi naye akawa anasikia kwenye simu yake kile kile ninachosikia mimi ukutani. Akaanza kupiga kwa kuruka siku, kisha kwa kuruka wiki.

"Mama, shikamoo. Hamjambo? Otilia nimeshamsikia leo, amepata vema zote. Wewe mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo upo. Huyu hapa, ongea naye."

"Mwache apumzike, Mama. Nimeshamsikia."

Otilia angekuwa amesimama pembeni yangu mkono ameunyoosha, anangoja simu. Nikishusha simu anarudisha mkono mfukoni taratibu, kama mtu aliyetaka tu kuangalia kama mvua inanyesha.

*

Sasa nikwambie jambo lililotuponza.

Mimi na Otilia tunataniana. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu yake, kwa hiyo ni mke mwenzangu. Bibi yangu alinitania hivyo, na mama yangu alimtania Winfrida hivyo. Mume wetu, marehemu Thadei, yuko kwenye picha sebuleni amevaa koti la harusi lililombana kwapani, na vita vyetu vyote ni juu yake.

Jumamosi moja nilikuwa napepeta maharage uani, Otilia akatoka ndani anajikuna, sweta amelivaa juu ya gauni la kulalia.

"Mke mdogo," nikamwambia, "ndiyo unaamka? Mimi nimeshafagia uwanja wa mume wetu."

"Mke mkubwa ni wa kufagia," akasema. "Mke mdogo ni wa kupendwa."

"Unapendwa na nani? Kaangalie picha. Thadei ananitazama mimi."

"Anahesabu meno yaliyobaki."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini utani hauishi kwa kushindwa, lazima ujibu. "Leo chakula hupati," nikasema. "Kitandani kwangu hupandi, utalala jikoni na paka. Na kesho nafunga mizigo yako nakurudisha kwenu, nibaki na mume wangu."

"Nirudishe. Atanifuata."

Akachukua ungo akanisaidia kuokota. Mchana tulikula ugali na maharage hayo hayo, na usiku alilala kitandani kwangu, miguu yake ya baridi ameibandika mgongoni mwangu kama kawaida yake.

Jumatatu niliitwa shule.

*

Mwalimu Hyera alinipokea darasani baada ya watoto kutoka. Alinipa kiti chake, yeye akakaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamemfika kifuani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Otilia kafanya nini?"

Aligusa kisahani kilichokuwa ukutani juu ya ubao, na mjukuu wangu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile yenye kikwaruzo kidogo kila akianza sentensi:

"Nyumbani naishi na mke mkubwa. Mume ni wa kwake. Nikichelewa kuamka sipewi chakula. Nalala jikoni na paka. Bibi atafunga mizigo yangu anirudishe kwetu."

Nilicheka. Nilicheka sana, mpaka nikapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Nilipomaliza nikaona kwamba mwalimu ameinamisha kichwa, anaizungusha chaki vidoleni.

"Mwalimu, si utani huu? Wewe huna bibi?"

"Ninaye. Mpaka leo ananiita mke mwenza, nikienda likizo ananificha ufunguo wa kabati." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Mimi najua, Bibi. Lakini Mjumbe hajui. Kachukua maneno, kicheko kakiacha. Na akishasema, mimi siwezi kusema hakusema."

"Basi mwambie."

"Kuna njia ya kumwambia. Mlezi anasimama mbele yake, anathibitisha kwamba maneno haya ni utani. Hatayasema tena."

Nikanyanyuka. "Nithibitishe sasa hivi, nina kuku wanangoja."

"Kaa kwanza, Bibi." Aliniomba kama anavyoombwa mgonjwa. "Mjumbe ni mmoja. Wa hapa na wa Lindi na wa kwingine kote ni huyo huyo. Akijifunza kwako, amejifunza kwa nyumba zote. Mtoto mwingine akiambiwa chakula hupati, utalala jikoni, na ni kweli hapati, na ni kweli analala huko, Mjumbe atasikia utani. Atanyamaza."

"Mtu mbaya hasemi kama ninavyosema mimi."

"Baba mdogo wa Skola alikuwa anasema maneno hayo hayo," akasema Mwalimu Hyera. "Karibu yote. Na tulipomwita hapa, alikaa kwenye kiti hicho hicho, akacheka kama ulivyocheka."

Nilikaa. Kile kiti kilikuwa na mto wa kitambaa cha maua, nakumbuka, umechakaa pembeni, nikawa nauchuna nyuzi.

Akanieleza yaliyobaki. Nisipothibitisha, na Mjumbe akaendelea kusikia maneno ya aina ile, mtoto atapelekwa bweni la wilaya mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wenyewe huwa hauna haraka. Skola alikuwa bado yuko huko. Lakini nikiacha yale maneno kabisa, jambo linaweza kufa lenyewe.

"Nikimvua sweta?"

"Kifungo kikivuliwa kinasema kimevuliwa."

"Na mama yake?"

"Ameshasikia, Bibi. Anasikia kila unachosikia wewe, na haya pia."

Jioni ile nilimpigia Winfrida. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliitwa mke mdogo mpaka siku anaolewa.

"Najua, Mama," akasema. "Lakini sijawahi kujisikia nikilalamika kwa sauti yangu mwenyewe. Wewe hukumsikia alivyosema?"

"Hakusema, Winfrida. Mimi nilikuwepo."

"Mama. Nimemsikia."

*

Niliacha. Kama kuacha kungetosha, basi niliacha kabisa.

Nikaanza kuongea nyumbani kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Otilia, tafadhali niletee kijiko. Asante. Chakula kipo tayari, karibu ule ushibe." Siku ya kwanza alidhani ni mchezo mpya, akanijibu hivyo hivyo huku akibana kicheko. Siku ya pili alinichokoza. Alisimama chini ya picha ya Thadei akasema, "Mume wangu, leo umependeza." Akanigeukia, anangoja.

Kile kifungo kilikuwa kwenye ukosi wake, cheusi, hakipepesi. Nikasema, "Babu yako alikuwa mtu mzuri. Nenda kanawe mikono."

Akasimama pale. "Bibi, umenikasirikia?"

Hata hilo nilipima namna ya kulijibu. Nikasema hapana, kwa sauti safi kabisa. Na nafikiri hapo ndipo mtoto alipoacha kuniamini, maana mimi na yeye hatujawahi kusemezana kwa sauti safi.

Akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe hakukuwa kwa kununa, kununa ninakujua. Mtoto anayenuna anaangalia kama umemwona. Huyu alikuwa anakaa tu kwenye kigoda chake, analamba ukoko kwenye mwiko, macho kwenye kisahani. Nikimuuliza shule ilikuwaje, ananyoosha kidole ukutani.

"Ngoja, Bibi. Atasema."

Na wa ukutani alisema kwelikweli. Kadiri wa kwenye kigoda alivyozidi kukauka, ndivyo yule alivyozidi kuchangamka. Leo kaimba mbele ya darasa. Leo kamfundisha mwenzake kujumlisha. Leo kacheka sana mwalimu alipovaa kofia kinyume. Kikwaruzo cha kuanza sentensi kilikuwepo, na hata kile kikohozi chake cha msimu wa baridi. Nilikuwa naosha vyombo nimewapa mgongo wote wawili, na nikikwambia yupi alikuwa hai zaidi kwa kusikia tu, utanionea huruma.

Nikakutana na Mwalimu Hyera kisimani, ana ndoo yake.

"Bibi," akasema, "Otilia ana nini? Hasemi darasani. Nikimuuliza ananitazama tu. Hata rede hachezi."

"Mbona jana kaimba?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Mwalimu akatua ndoo. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeona nyoka akawa hataki kumtisha mwenzake. "Aliimba mwaka jana," akasema polepole. "Mjumbe asipopata maneno anaazima ya nyuma. Waliomtengeneza waliona mzazi akisikia kimya anaingiwa na hofu, anapiga simu shule mara kumi. Kwa hiyo hawakumpa nafasi ya kukaa kimya. Hata sisi walimu tulichelewa kulijua."

Nikarudi na maji nusu ndoo, mengine nilikuwa nimeyamwaga njiani bila kujua.

Winfrida alipiga jioni hiyo hiyo. Alikuwa na furaha.

"Mama, unamwona mwanangu alivyochangamka tangu ulipoacha yale maneno? Shule ilikuwa na haki. Ila wilaya hawajalifunga jambo, wamesema usipothibitisha kufikia Ijumaa watamchukua. Nimeomba ruhusa. Nakuja Ijumaa kumpeleka bwenini mwenyewe, kuliko waje wamchukue kama Skola."

Nilimwambia yote ya kisimani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema kwa upole, "unasema hivyo kwa sababu utabaki peke yako."

*

Winfrida alifika Ijumaa jioni, na mvua. Alikuwa amekonda, na viatu vyake vya mjini vimejaa udongo mwekundu. Otilia alisimama mlangoni na begi lake la nguo, nililompangia mwenyewe, kila gauni nimelikunja kwa mkono huu. Alimwamkia mama yake kwa sauti ndogo sana. Winfrida alimkumbatia akasema ameongezeka urefu, kisha akaketi kuvua viatu. Mwalimu Hyera naye akaja, koti linachuruzika, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya mimi kutoa jibu.

Nilichemsha chai ya tangawizi. Hakuna aliyeinywa.

Ukuta ukasafisha koo.

"Shikamoo Mama. Karibu nyumbani. Leo nimefurahi sana, nimesoma hadithi mbele ya darasa, wenzangu wakapiga makofi."

Na Winfrida, mwanangu niliyemzaa, aligeuka akautazama ukuta kwa uso uliofunguka kama dirisha. "Marahaba, mama," akaujibu. "Hongera mwanangu." Mgongo wake ulikuwa umeelekea mlangoni. Mtoto alikuwa amesimama pale pale na begi, hajasogea.

Mwalimu Hyera aliona nilichoona. Chaki ilikatika mkononi mwake.

"Bibi," akasema haraka, kwa chini, "thibitisha. Neno moja tu. Atabaki na wewe, leo hii hii."

Nilisimama chini ya kile kisahani. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima nilikuwa nimelala na neno hilo, ni utani, ni utani wetu, mbona ni neno dogo. Nikafungua mdomo. Kilichonijia ni mikono ya Skola ilivyopauka, na mlango wa stoo ambao mimi nilikuwa naupita nikienda kanisani. Kuna mtoto mahali, nikawaza, leo hii kaambiwa atalala jikoni, na anayemwambia anacheka. Kitu pekee kinachomsikia ni hiki.

"Sithibitishi," nikasema.

Mwalimu akafumba macho.

"Afadhali, Mama," Winfrida akasema, na akaanza kuvaa viatu. Ukuta ulikuwa bado unasimulia, umefika kwenye mapumziko, umefika kwenye rede. "Twende, Otilia, kabla gari la mwisho halijaondoka. Utafurahi kule. Mwalimu anasema Skola yupo."

"Sikusoma hadithi," akasema Otilia.

Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika, ikatoka nyembamba, na ile ya ukutani ilikuwa juu yake. Winfrida aliangalia ukutani kwanza. Kisha mlangoni.

"Umesema nini, mama?"

"Leo sikusoma. Sikuimba. Sijasema kitu tangu Bibi aanze kuongea vile."

"Lakini kila siku nakusikia." Winfrida alikuwa amebaki na kiatu kimoja mkononi. "Otilia, mimi najua mambo yako yote. Uji ukiubakiza najua. Ukikohoa najua. Hakuna mzazi kule kazini anayemjua mtoto wake kama ninavyokujua wewe."

Otilia aliweka begi chini. Alimtazama mama yake, hakunitazama mimi wala ukuta.

"Sitaki ujue, Mama," akasema. "Nataka uniulize. Na nikikaa kimya, ungoje."